Kiti Nilichomletea Baba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile shangazi yangu Feza alipoteremka kwa miguu kutoka milima ya Fizi, kapu la maharage kichwani, akaingia uani kwetu Baraka, kando ya ziwa, na kumkuta mdogo wake, yaani baba yangu, amelala kitini mchana kweupe. Hakutua kapu. Alimtazama kuanzia uso mpaka magoti, akarudi tena usoni. Kisha akanigeukia mimi.

"Ni nani alifanya muntu wangu vile?"

Nilikuwa na jibu tayari, jibu ambalo kila mtu alikuwa analo pale kwetu. Nilitaka kusema kwamba ni uzee. Lakini shangazi alikuwa mkubwa wa baba. Baba alizaliwa yeye akiwa tayari anatumwa maji mtoni. Naye alikuwa amesimama mbele yangu, shingo imenyooka chini ya lile kapu, na jasho kidogo tu kwenye paji la uso.

Nakuandikia haya taratibu, kwa sababu mkono wangu siku hizi hautulii na macho yanachoka upesi. Nimekawia miaka mingi kuyasema. Wengi niliopaswa kuwaambia wameshakwenda, na sasa umebaki wewe, unayekuja kunisalimu na kuninyang'anya jembe kwa upendo. Kaa basi, unisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, zamani za pamba. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari kwa mapadri, jambo ambalo wachache sana walilipata wakati ule, nikarudi na kuandikwa kazi ya ukarani kwenye ghala la pamba hapa Baraka. Nilivaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi na soksi ndefu mpaka gotini. Nilikuwa na baiskeli. Nikipita barabarani, wamama waliokuwa wakianika mihogo waliinua kichwa, nami nilijifanya siwaoni.

Baba yangu, Asukulu, alikuwa mkulima. Shamba lake la mihogo lilikuwa juu ya kilima nyuma ya nyumba, mahali penye mteremko mkali ambapo ukisimama vibaya unateleza mpaka chini. Alipanda huko kila asubuhi. Alasiri alishuka na gogo la kuni begani. Gogo lile halikuwa la jiko la nyumbani. Lilikuwa la lubunga. Nyinyi mliozaliwa baada ya vita na kuhamahama hamkulijua lubunga kama tulivyolijua sisi, kwa hiyo nikuambie: ni kibanda kisicho na kuta, chenye moto mmoja katikati, ambamo wanaume wa ukoo hukaa jioni. Chakula cha kila nyumba kililetwa pale, wakala pamoja. Ugomvi wa mipaka ulimalizwa pale, na mambo ya ndoa pia. Kila mtu alileta kuni zake, na aliyeleta kuni alikuwa na neno.

Begani kwa baba, upande wa kuume, palikuwa na nundu ngumu kama kokwa. Halikuwa gogo lililoifanya. Alipokuwa kijana alishikwa kubeba kipoyi, kile kiti kilichofungwa kwenye miti miwili, ambacho Wazungu walikalia na watu wanne wakakibeba mabegani. Alipanda nacho mlima wa Fizi mara nyingi, katika mvua na katika jua. Hakupenda kuyasimulia hayo. Akiulizwa sana alisema tu, "Muntu iko na miguu yake mizima, na anabebwa kama maiti," kisha akatema mate pembeni.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Alasiri moja nilikuwa narudi kazini na karani mwenzangu, mgeni aliyetoka Uvira, kila mmoja akisukuma baiskeli yake. Mbele yetu tukamwona mzee anashuka kilimani na gogo begani, miguu mitupu, suruali imekunjwa. Mwenzangu akacheka. "Huku kwenu wanaume wanabeba kuni?" akasema. "Yule mzee ni nani?" Nami nikajibu, "Ni mzee mmoja wa hapa."

Baba alikuwa karibu. Sijui kama alisikia. Sikumwuliza mpaka akafa, na hilo ni moja ya mambo yanayoniamsha hata leo.

Ungedhani aibu ile ingenifanya nimheshimu baba zaidi. Nilidhani hivyo mimi mwenyewe. Nikaamua kumheshimu kwa namna niliyoiona kwa wakubwa. Mzungu aliyesimamia ghala letu alikuwa na kiti cha kulalia, cha mbao na turubai, alichokalia barazani baada ya kazi, miguu amenyoosha. Nikamwomba fundi seremala anitengenezee kama kile. Nikakibeba nyuma ya baiskeli, nikakiweka barazani kwetu kuelekea ziwani, nikamwita baba.

"Baba, umefanya kazi ya kutosha. Sasa utakaa hapa. Shamba tutaliwekea mtu."

Alikizunguka kile kiti. Aliligusa turubai kwa kidole kama mtu anayejaribu kama ugali umeiva.

"Sasa muntu anakala hapa," akasema, "anangoja nini?"

Nikacheka. "Unangoja chakula, baba."

Akakaa. Nikafurahi sana.

Mke wangu Esta alikuwa mwanamke mwema, na alinisaidia kwa moyo wote katika kosa lile. Kwa kuwa baba hakuwa tena anafanya kazi, tuliona hahitaji chakula kizito. Asubuhi alipewa chai yenye sukari nyingi na mkate. Mchana wali laini, au uji. Samaki wa mukeke, mnono, alikuwa wangu mimi ninayekwenda kazini. Maharage tulisema yatamsumbua tumbo. Karanga tulisema meno yake yamechoka. Na chakula chake hakikupelekwa tena lubunga, kililetwa palepale kitini. Kwa nini atembee, wakati ana mtoto karani?

Wenzake wa lubunga walipita mwanzoni kumtania. "Asukulu amekuwa Muzungu! Tukuletee kodi hapa ao tupeleke Fizi?" Naye aliwajibu, "Leteni na mayai," wakacheka wote. Baadaye walipita bila kusimama. Watu hawawezi kila siku kupiga hodi kwa mtu ambaye zamani walikuwa wanamkuta kwenye moto.

Mwanangu, nguvu za mtu mzima haziondoki kwa kishindo. Zingeondoka kwa kishindo, watu wangeita mganga. Mwanzo niliona suruali ya baba inamcheza mapajani, nikadhani kitambaa kimelegea. Kisha nikaona anashika mikono ya kiti anapotaka kusimama. Kisha anajitupa mbele, anarudi, anajitupa tena. Nikawa naruka haraka kumnyanyua kwa makwapa, nikijiona mtoto mwema. Akazoea kunyanyuliwa. Akaanza kushika ukuta njiani kwenda chooni. Siku moja kizingiti cha mlango, kile alichokivuka maisha yake yote, kilimwangusha, akakaa chini akikitazama kama mtu anayetazama mbwa wake mwenyewe aliyemuuma.

Tulimwinua, tukampangusa vumbi, tukamrudisha kitini. Tukasema ni uzee. Hata haukuwa umepita mwaka na nusu tangu alipokuwa anashuka kilimani na gogo.

Basi ndipo akaja shangazi Feza.

Alikuwa na jambo. Binti yake wa mwisho, Riziki, mtoto wa uzeeni, alikuwa amechumbiwa, na arusi ilikuwa katika kiangazi, pamba ikishavunwa. Katika ukoo wetu, siku ya kuondoka, wakwe hawaingii kijijini kumchukua bibi arusi. Mjomba wake humshika mkono mlangoni kwa mama yake, akatembea naye katikati ya kijiji, mbele ya watu wote, mpaka kwenye njia kubwa ambako wakwe wanangoja. Msichana asiye na mjomba wa kumtoa hutoka peke yake. Na neno hilo humfuata. Akigombana na mawifi, wataambiana, huyu alitoka peke yake, hana mtu nyuma yake. Riziki alikuwa na mjomba mmoja tu, baba yangu.

Shangazi alitua kapu hatimaye. Akachuchumaa mbele ya kile kiti.

"Asukulu. Riziki atatoka na nani?"

"Atatoka na mimi," baba akasema.

"Na miguu ya nani?"

Niliona kidevu cha baba kinatetemeka. Sikuwahi kuona hivyo, hata alipomzika mama. Nikaingilia kati kama mwenye busara, nikasema tutatafuta gari, tutapanga, shangazi asiwe na wasiwasi, mzee anahitaji kupumzika.

"We mutoto," shangazi akasema bila kunitazama, "kupumuzika ni kisha kazi. Huyu anapumuzika kazi gani? Ya kula uji? Munamulisha kama mwanamuke mwenye kuzaa jana."

Esta akajitetea, akasema baba mwenyewe hajalalamika. Hapo baba akainua mkono, na ndipo nikasikia neno ambalo sijalisahau.

"Mi nilikala juu ya karani," akasema. Yaani kwa ajili yangu: karani, ndivyo alivyoniita kwa utani tangu nianze kazi. "Akipita na kinga yake anageuza kichwa, anaangalia kama niko nimekala. Akikuta nimekala, anafurahi. Nikasema, basi, nikale. Mutoto afurahi."

Kinga ndiyo baiskeli. Nami kweli nilikuwa nikigeuza kichwa.

Shangazi hakurudi Fizi siku ile wala wiki ile. Alituma habari nyumbani kwake kwamba amechelewa, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja, na kuanza kazi. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwinua baba kutoka kile kiti, akakikalia yeye mwenyewe. Akanyoosha miguu. Akafumba macho.

"Kumbe ni kitamu," akasema. "Ndiyo maana kinaua."

Na hakukiacha. Kila baba alipotaka kukaa, alimkuta dada yake amejaa pale na ungo wa mchele mapajani. Baba akabaki na kigoda kifupi cha lubunga, kile ambacho ukikikalia magoti yanakaribia kifua, na kusimama kutoka pale ni kazi hasa. Shangazi alimkataza kushika chochote. "Toa mikono kwa ukuta! Ukuta haitaolewa!" Baba alisimama nusu, akarudi. Akasimama nusu, akarudi. Alimtukana dada yake kwa Kibembe, matusi ya watoto, ambayo nadhani walikuwa hawajatukanana tangu utotoni. Shangazi akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Mimi niliona ni ukatili. Siku ya kwanza nilikimbia kumshika, na shangazi akanipiga mkono kwa mwiko. "Mwache! Ukimunyanyua wewe, ni mikono yako inapata nguvu."

Maji hakumletea. "Mutungi iko pale, miguu iko hapa." Chakula alikibadilisha chote. Maharage aliyokuja nayo aliyapika mpaka yakawa laini, na baba hakuumwa tumbo lolote. Karanga alizitwanga akachanganya na sombe, yale majani ya muhogo. Mukeke wangu, mwanangu, alihamia kwenye sahani ya baba, na dagaa pia, na mimi karani nikala uji ili nijue ladha yake. Esta alikuwa wa kwanza kuelewa. Nilimkuta jioni moja anasaga karanga bila kuambiwa, ameinamisha kichwa. "Tulimpenda vibaya," akaniambia. Penzi lile lilikuwa amri yangu.

Baada ya siku kadhaa shangazi alimtuma baba kuni. Si kilimani, hapana. Pembeni tu, chini ya mlima. Alirudi na kijiti kinene kama kifundo cha mkono, anahema kama aliyekimbizwa. Wenzake wa lubunga walimwona anakuja. Nilidhani watacheka. Mmoja wao alisogea pembeni, akampisha kwenye moto, akasema, "Kumbe Muzungu ametoka likizo." Baba akaweka kijiti chake motoni, na jioni ile alisema neno katika shauri la mbuzi lililokuwa likisumbua watu kwa muda mrefu. Niliisikia sauti yake kutoka nyumbani. Ilikuwa inakwaruza, lakini ilikuwa yake.

Ningependa kukuambia kwamba alirudi alivyokuwa. Hadithi ingekuwa nzuri. Lakini mwili wa mzee haurudishi upesi kile ulichokipoteza, na vingine haurudishi kabisa. Kijana akilala na homa mwezi mzima, anaamka, anakula, anasahau. Baba alijitahidi kila siku, alikula, alisimama na kukaa mpaka magoti yakalia, na kiangazi kilipofika alikuwa anaweza kutembea mpaka sokoni na kurudi, akipumzika njiani. Mlima ulikuwa jambo lingine.

Shangazi alitangulia kwenda kuandaa arusi. Siku yenyewe ilipofika, niliomba nafasi kwenye lori la pamba, likatupandisha mimi na baba mpaka juu, likatushusha kando ya barabara. Kutoka pale kijiji cha shangazi kiko ng'ambo ya bonde, njia ya miguu tu: unashuka mpaka kijito, unapanda upande wa pili. Mtu mwenye afya anafika kabla maji hayajachemka.

Sasa, mimi nilikuwa nimepanga jambo bila kumwambia. Niliwatumia habari vijana wa kijiji waje kutupokea, na kwa kuwa nilimwogopea baba ule mlima, niliwaambia walete kipoyi. Wazungu walikuwa wameacha kukitumia, walikuwa na magari, lakini kimoja kilikuwa kimebaki kwa mzee wa kijiji, kimefunikwa na vumbi. Tuliposhuka kwenye lori, vijana wanne walikuwa wamesimama, na kile kitu kiko katikati yao majanini.

Baba alikiangalia. Akawaangalia vijana.

"Nani amekufa?"

Vijana wakacheka, kisha wakaona uso wake, wakaacha. Nikajaribu kueleza. Baba hakunikaripia. Alishika fimbo yake tu, akapita kando ya kipoyi bila kukigusa, akaanza kushuka bondeni. Mimi nikamfuata nyuma, na vijana wakatufuata mbali kidogo, wamebeba kile kiti kitupu, kama watu wanaofuata mazishi ambayo bado.

Alishuka vizuri. Kwenye kijito nilimshika mkono, akaukubali, tukavuka. Ng'ambo tukaanza kupanda. Kutoka pale unasikia kijiji lakini hukioni. Tulisikia ngoma. Tulisikia wanawake wanaimba wimbo wa kumuaga msichana, wimbo ambao hurudiwa mpaka mjomba atokee. Baba alipanda. Akasimama, akahema, akapanda. Akasimama. Niliona mapaja yake yanatetemeka ndani ya suruali aliyoazima kwangu, suruali niliyoshonewa kwa kiuno changu chembamba cha ujana, na kwake ilikuwa imefungwa kwa kamba.

Akakaa juu ya jiwe. Wimbo kule juu uliisha, wakauanza upya.

"Karani," akasema.

"Baba."

"Nikienda na miguu, nitafika. Mi najua nitafika." Akapumua. "Lakini nitafika nimeisha. Riziki atashika mukono ya muntu gani? Atanibeba yeye?"

Nilitazama viatu vyangu.

Baba alivua kofia. Aliizungusha mikononi mwake mara kadhaa. Mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe mpaka begani kuume, kwenye ile nundu, ukakaa pale kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kama mtoto anayeomba maji,

"Lete ile kitu."

Mwanangu, nimezika watu wengi. Nimezika hata watoto wangu mwenyewe. Lakini ukiniuliza siku gani moyo wangu ulivunjika, nitakuambia ni pale baba yangu alipokikalia kipoyi, akashusha kofia usoni ili asiwaone vijana waliombeba.

Nikamwambia kijana wa mbele kuume aondoke. Nikaweka bega langu kwenye mti ule, upande uleule ambao baba alibeba. Kijana akashangaa. "Karani, angalia soksi, njia iko na matope!" Wenzake wakacheka kidogo. Tukanyanyua.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito. Nilikuwa nimekaza meno. Na baba akanyanyuka juu kama kapu la majani makavu.

Wepesi ule ndio ulioniumiza. Hii ilikuwa ni mikono iliyonirusha juu nilipokuwa mtoto, na mgongo ulioleta magogo ambayo vijana wawili walishindwa. Mwili ule wote ulikwenda wapi? Nilijua ulikokwenda. Nilikuwa nimeununulia turubai na mbao, nikauketisha barazani mpaka ukaisha. Nilipanda nikilia, na jasho lilinisaidia kuficha.

Kabla ya nyumba za kwanza baba aligonga mti kwa fimbo. "Hapa. Nishusheni hapa. Basinione." Tukamshusha nyuma ya migomba, watu wasimwone. Aliweka miguu chini, akaondoa mikono kwenye kipoyi, akaiweka mapajani kama alivyofundishwa, na akasimama mwenyewe. Mara ya kwanza. Alipiga vumbi suruali, akaivaa kofia sawasawa, akaniambia nisimsogelee.

Shangazi Feza alikuwa mlangoni kwake. Aliona miguu ya mdogo wake. Kisha aliona bega langu, shati limechanika na ngozi imechubuka, akaelewa yote. "Umekawia," akamwambia baba. "Nilipita kwa sokoni," baba akamjibu.

Akamshika Riziki mkono. Walitoka. Hapajawahi kuwa na bibi arusi aliyetoka polepole vile. Wanawake walimaliza wimbo wote na kuurudia. Watu walidhani mjomba anaona uchungu kumwachia binti, wakamsifu kwa hilo. Mimi niliyekuwa nyuma niliona magoti yanavyocheza, na niliona Riziki, ambaye alikuwa msichana mwerevu, anavyokaza mkono wake chini ya mkono wa mjomba ili asionekane nani anamshika nani. Wakafika kwenye njia kubwa. Baba akawapa wakwe mkono wa Riziki, akasema maneno yanayopaswa kusemwa, yote, bila kusahau hata moja. Halafu akakaa kwenye mzizi wa mti, wala hakusimama tena mpaka tulipompelekea kipoyi jioni. Safari hiyo hakuficha uso. Alikuwa amechoka mno hata kuona aibu.

Tuliporudi Baraka alikivunja kile kiti cha barazani mwenyewe. Mbao alizipeleka lubunga kidogo kidogo, zikaungua vizuri, na turubai alilishona mfuko wa mbegu. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akilima kipande kidogo karibu na nyumba na kupeleka kijiti chake motoni. Lakini gogo hakulibeba tena, na Fizi hakuiona tena. Shangazi alipofariki, baba alibaki chini, amesimama uani, amegeukia milimani.

Mimi sasa nimempita umri. Katika miaka ya vita nilikimbia kwa miguu pamoja na wengine, na nikaona wazee waliobaki wameketi kando ya njia kwa sababu mapaja yalikataa, na watoto wao wakisimama juu yao bila kujua wafanye nini. Kila niliyemwona niliona kile kiti. Mjukuu wangu anayefanya kazi ya uuguzi ananiambia nyama ya mwili huanza kupungua polepole hata kabla mvi hazijajaa, na kwamba kukaa na kula ovyo huiharakisha. Nilimsikiliza kwa heshima. Ningemwambia kwamba shangazi yangu Feza alilijua hilo zamani, lakini nilikuwa nimechoka.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usininyang'anye jembe. Nikichelewa kusimama, subiri. Tembea nami ukienda polepole, usinitangulie na usinibebe kabla sijaomba. Unapopakua, usinipe chai na mkate ukidhani ni huruma, nipe samaki, nipe maharage, nipe karanga zilizotwangwa, maana mzee anahitaji chakula cha kujenga mwili kama wewe unayekwenda kazini. Unipeleke walipo watu, nikiwa na kitu changu mkononi hata kama ni kijiti. Na wewe mwenyewe, ambaye magoti yako bado hayajakuambia neno, usingoje. Panda kilima wakati unaweza. Beba kitu. Kaa chini, usimame bila kushika ukuta. Na ukimheshimu mzazi wako, mwulize kwanza yeye anataka kuheshimiwaje, maana mimi sikuuliza.

Kile kiti cha plastiki mlichoniletea mwaka jana nimekiweka nyuma ya mlango. Msikasirike. Wageni watakikalia.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mapaja ya kupandia na magoti ya kushukia mpaka siku yako ya mwisho. Akupe watoto watakaotembea kando yako bila haraka. Na siku ya kumtoa binti yako ikifika, akujalie ufike mlangoni umesimama, umshike mkono, na mkono utakaomshika uwe na nguvu ya kumfikisha njiani. Amina.